Dereva Akiwa Mteremkoni, Mwacheni

Wengi wenu mmeshanisikia nikiisema Nyang'oro, ule mlima wa barabara ya Iringa na Dodoma. Leo nitaisema tena, kwa sababu wiki iliyopita nilipanda basi pale stendi ya Nane Nane, Dodoma, na kabla hatujafika Kibaigwa nikaona jambo lile lile: abiria anamsemesha dereva gari likiwa kwenye mwendo.

Waliotoka Iringa kuja Dodoma wanaujua mteremko ule wa kuelekea Mtera. Siku hiyo dereva nilikuwa mimi, nina abiria hamsini na kitu. Basi halishushwi mlima kwa breki ya mguu. Ukiikanyaga mfululizo inapata moto, na ikipata moto haishiki. Unashuka kwa gia, injini ndiyo inalizuia gari. Nikatoa gia ya nne niingize ya tatu. Hapo katikati, moja imetoka na nyingine haijaingia, gari halishikwi na kitu. Ni sekunde moja tu. Ndani ya sekunde hiyo mkono ukanikamata bega: "Dereva, tunaomba kuchimba dawa!"

Nikageuka. Mtu akishikwa bega anageuka, hata awe na miaka thelathini barabarani. Gia ikagoma, gari likabaki nyutro, mbele kona, na lori linapanda. Nikajaribu tena, ikakwaruza ikakataa, maana gari lilishachanganya mwendo. Nikabaki na breki ya mguu peke yake. Harufu ya breki ikafika mpaka siti za nyuma, akina mama wakaanza kumwita Mungu. Tairi za kushoto zilishakanyaga changarawe gia ilipokubali. Na yule kijana bado amesimama pale pale, ameshika bomba, ananiuliza kama nimemsikia!

Simlaumu kwa kubanwa na haja. Ninachouliza, na nimeuliza miaka yote hii, ni kwa nini hakumwambia konda. Konda yupo kwa ajili hiyo. Yeye anaijua njia, anajua tukishamaliza mlima kuna mahali pa kusimama, na anajua wakati gani wa kunisemesha.

Najua kuna wanaotaka kunijibu: mwalimu, madereva ndio wanaotumaliza kwa mwendo, sasa unataka tunyamaze? Hapana, sikusema mnyamaze! Dereva akikimbiza gari, mwambieni konda, na abiria wote mseme. Akipuuza, pigeni simu LATRA, wale wanaosimamia usafiri wa nchi kavu, au kwa trafiki, taja namba ya gari na mahali mlipo. Mtoeni siti gari likisimama. Lakini kumfuata kwenye usukani kumgombeza wakati anaovateki lori lenye tela, huko ni kuongeza hatari juu ya hatari.

Mwaka 2018 huko Chongqing, China, abiria mmoja alipitwa na kituo chake. Akaenda mbele kumgombeza dereva, akampiga kwa simu ya mkononi. Dereva naye akarudisha. Walikuwa juu ya daraja. Basi likahama upande wake, likagonga gari dogo, likavunja ukingo na kutumbukia mto Yangtze. Watu 15, hakupona hata mmoja. Kituo kimoja tu, jamani! Angeshuka kinachofuata akarudi kwa miguu.

Na msiniambie swali dogo halina madhara. Kwenye kilomita 80 kwa saa, gari linakwenda mita 22 kila sekunde. Ukimuuliza dereva "Manyoni tunafika saa ngapi?" akakutafuta kwenye kioo sekunde tatu, ameshapita mita zaidi ya 60 bila kuiona barabara. Huko Bahi ng'ombe hawangoji umalize swali lako.

Marubani walilitambua hili zamani. Mwaka 1974 ndege ilianguka ikikaribia kutua Charlotte, Marekani, wakafa watu zaidi ya 70. Marubani wenyewe walikuwa wakipiga soga. Mwaka 1981 Marekani ikaweka sheria: wakati wa kuruka na kutua, na kwa kawaida chini ya futi 10,000, hakuna mazungumzo yasiyohusu kazi. Sisi konda anakaa kwenye boneti, anamsimulia dereva mpira kuanzia Gairo. Wenye mabasi, hilo ni lenu, lisimamieni.

Bodaboda nilitaka kuwagusa, abiria anayempa dereva simu aongee na mtu huku wanakwenda, lakini naona mwenyekiti ananionyesha saa. Mnaoondoka kesho alfajiri, mwambieni konda mnashukia wapi kabla basi halijatoka stendi.