Arnolfini Yupi? Majina Yaliyokosekana Katika Picha ya Jan van Eyck

Mabibi na mabwana, karibuni. Kabla hatujawatazama watu wawili waliosimama mbele yetu, tazameni ukuta ulio nyuma yao, juu kidogo ya kioo cha mviringo. Mchoraji ameandika hapo kwa Kilatini, kwa hati ya madoido kama ya karani wa mikataba: Johannes de Eyck, yaani Jan van Eyck, alikuwa hapa, 1434. Jina lake kaliweka, mwaka kauweka. Majina ya wenye picha hakuyaweka.

Ubao wenyewe si mkubwa, sentimeta 82.2 kwa 60. Ni mbao za mwaloni zilizopakwa rangi za mafuta, nao umekuwa mali ya National Gallery ya London tangu 1842. Na niliseme mapema hili la tumbo la bibi huyu, maana hakuna kikao kinachokwisha bila kuulizwa: hapana ushahidi kwamba ni mjamzito. Amekusanya kitambaa kingi cha gauni mbele yake, ndivyo mtindo ulivyokuwa. Mchoraji huyu huyu alimchora Mtakatifu Katerina, bikira, katika picha ya 1437 iliyoko Dresden, na tumbo lake limetuna vivyo hivyo.

Sasa, jina la Arnolfini, ambalo picha hii huitwa kwalo, limetoka wapi? Halikutoka kwenye picha, limetoka kwenye orodha ya mali. Mwaka 1516 karani wa Margaret wa Austria, aliyetawala Nchi za Chini (Ubelgiji na Uholanzi za leo) kutoka Mechelen, aliandika kwa Kifaransa kwamba bibi huyo ana ubao mkubwa uitwao "Hernoul le Fin" pamoja na mkewe ndani ya chumba, kazi ya mchoraji Johannes, aliopewa na don Diego, bwana wa Kihispania, ambaye nembo yake iko kwenye kifuniko. Orodha iliyofuata, miaka michache baadaye, inaandika "Arnoult Fin". Pigeni hesabu: tangu 1434 hadi 1516 ni miaka 82. Karani anaandika jina la Kiitaliano jinsi sikio lake la Kifaransa lilivyolisikia, na waliomjua mwenye sura ile karibu wote wamekwisha kuzikwa.

Hata hivyo ushahidi huo si dhaifu. Arnolfini walikuwa ukoo wa wafanyabiashara kutoka Lucca, Italia, waliokaa Bruges, katika Ubelgiji ya leo, wakiuza hariri na vitambaa vya thamani, na mtu wa aina hiyo ndiye angemudu manyoya yale ya mavazi yao. Ukoo tunao. Shida ni mtu, kwa sababu Bruges ilikuwa na Giovanni Arnolfini zaidi ya mmoja. Wawili wanatuhusu zaidi: Giovanni di Arrigo na binamu yake Giovanni di Nicolao. Kwetu tungesema Yohana bin Arrigo na Yohana bin Nicolao. Ukiliondoa jina la baba, kama karani alivyoliondoa, binamu wawili wanageuka mtu mmoja.

Mwaka 1857 wanahistoria wa sanaa Crowe na Cavalcaselle waliiunganisha picha ya London na orodha ile ya zamani. Miaka minne baadaye mwenzao James Weale akamtaja mke: Giovanna Cenami, mke wa Giovanni di Arrigo. Jambo likaonekana limekwisha. Mwaka 1934 mwanahistoria wa sanaa Erwin Panofsky akajenga juu yake jengo zuri kweli kweli: picha hii ni cheti cha ndoa, maandishi ya ukutani ni saini ya shahidi, mshumaa mmoja unaowaka mchana ni wa kiapo, viatu vimevuliwa kwa kuwa mahali ni patakatifu, na mbwa ni uaminifu. Vizazi vya wanafunzi vilifundishwa hivyo.

Halafu karatasi moja ikalibomoa. Jacques Paviot alichapisha mwaka 1997 ushahidi kwamba Giovanni di Arrigo na Giovanna Cenami walioana 1447. Hiyo ni miaka 13 baada ya picha, na miaka sita baada ya van Eyck kufa. Kosa halikuwa la Panofsky katika kutazama. Macho yake yalikuwa makali. Kosa lilikuwa kwamba kwa miaka mia moja na thelathini na kitu, jina la mke lilichukuliwa kama jambo lililothibitishwa, kumbe ni dhana iliyorudiwa mpaka ikazoeleka.

Lorne Campbell, aliyeandika katalogi ya National Gallery ya 1998, alimwelekea binamu: Giovanni di Nicolao, aliyekuwa Bruges tangu 1419. Huyu alimwoa Costanza Trenta mwaka 1426. Lakini hapa napo pana mwiba. Barua ya mama yake Costanza, ya Februari 1433, inaonyesha kwamba binti yake amekwisha kufa. Basi aliye kwenye picha ni mke wa pili ambaye hakuna hati inayomtaja? Campbell alikubali uwezekano huo. Margaret Koster mwaka 2003 alipendekeza jingine: ni Costanza mwenyewe, amechorwa akiwa marehemu. Tazameni taa inayoning'inia: upande wa mume mshumaa unawaka, upande wa mke yamebaki matone ya nta. Tazameni vipicha kumi vinavyozunguka kioo: upande wa mume Kristo yu hai, upande wa mke ni matukio ya kifo chake na baada yake. Kwa maoni yangu hoja hii inavutia kuliko zote, na kwa sababu hiyo hiyo inahitaji tahadhari zaidi. Hiyo hiyo mishumaa ilimtumikia Panofsky kwa harusi. Sasa inatumika kwa msiba.

Vipi maabara? Miale ya infraredi hupenya tabaka nyingi za rangi, hugonga msingi mweupe wa chokaa na kurudi. Mistari ya kaboni ya mchoro wa awali, uliochorwa kabla ya rangi, huinyonya, nayo huonekana myeusi. Kwa njia hiyo tumeona van Eyck akibadilisha nyuso, miguu na mkono wa mume ulioinuliwa. Mbwa, taa na mitalawanda iliyo sakafuni havina mchoro wa awali. Lakini msikimbilie kusema viliongezwa mwishoni kwa sababu ya kifo. Chaki nyekundu na wino wa madini ya chuma hupotea kabisa chini ya infraredi, na fundi wa kiwango chake angeweza kuchora mbwa moja kwa moja kwa brashi.

Wengine hukimbilia Berlin, ambako kuna picha nyingine ya van Eyck yenye sura ile ile ya pua ndefu na macho mazito. Angalieni mtego: picha ile nayo haina jina. Inaitwa Arnolfini kwa sababu inafanana na hii ya London. Kuitumia kuithibitisha hii ni kumleta mahakamani shahidi uliyemfundisha mwenyewe la kusema.

Hasara kubwa zaidi ni fremu. Van Eyck alipenda kuandika kwenye fremu: ile ya mkewe Margaret, ya 1439, inataja umri wake, miaka 33, ile ya Jan de Leeuw, ya 1436, inataja jina. Fremu ya awali ya picha hii imepotea pamoja na vifuniko vyenye nembo ya don Diego. Kama majina yaliandikwa, huenda ndiko yalikokuwa.

Kilichobaki kutafutwa ni mkataba wa mahari au wosia wa kabla ya 1434, katika madaftari ya wanasheria wa Lucca au Bruges, wenye jina la baba limeandikwa kamili. Katalogi ya Campbell, kwa uangalifu, iliandika Giovanni, ikaweka alama ya kuuliza, ndipo ikaandika Arnolfini. Kwa mke haikuweka jina lolote, iliandika "na mkewe" tu, kama karani wa 1516.