Ulimi wa Jambazi wa London

Ndugu zangu, asanteni kwa kubaki. Wengi wenu mmekwisha nisikia nikilisema hili, na waliokaa safu ya mbele wanaweza hata kunisemea. Nitalisema tena, kwa sababu kila nikitaja filamu za magenge za Uingereza naulizwa lilelile: "Mwalimu, mapigano yapo?" Yapo. Lakini anayezitafuta kwa ajili ya mapigano atasinzia kabla ya nusu saa, kisha atasema Wamarekani wanaweza zaidi. Kwa mapigano, wanaweza zaidi. Hilo silibishi na wala si mada yangu.

Mada yangu ni sauti. Mtu ana pesa, ana suti ya kushonesha, ana gari, ana diwani na mkubwa wa polisi wanaokula mkononi mwake. Akifungua mdomo tu, kila aliyemo chumbani anajua kazaliwa upande gani wa mji na baba yake alishika kazi gani. Katika filamu za Kimarekani pesa humsafisha mkuu wa genge. Ikishindikana kwake, itawasafisha wanawe. Mwenzake wa London hununua kila kitu isipokuwa lafudhi nyingine. Filamu nzuri za aina hii zote zimejengwa kwenye pengo hilo, kati ya alicho nacho mtu na anavyosikika.

Chukueni The Long Good Friday, ya John Mackenzie. Najua, najua, ndiyo hiyo tena. Bob Hoskins anacheza Harold Shand, bwana mkubwa wa London ya mashariki. Ni mfupi, mnene, shingo haionekani, na sauti yake ni ya mitaa ya bandarini mwanzo hadi mwisho. Ni wikendi ya Pasaka. Amewaita wakubwa wa mafia kutoka Marekani waje kuweka fedha katika mpango wake wa kununua bandari za zamani za Mto Thames na kujenga mji mpya. Anawapandisha kwenye boti ya kifahari, anasimama sitahani daraja la Tower likiwa nyuma yake, na anahutubia. Wasikilizeni maneno yenyewe: maendeleo, ushirikiano, Ulaya, mustakabali. Ni hotuba ya waziri, ila inatoka kinywani mwa mtu ambaye kwenye meza ya mawaziri hawezi kupewa hata kiti. Na yeye anaamini kila neno! Hapo ndipo ninapompenda, jambazi huyu.

Kumbukeni ilipigwa mwaka gani: 1979. Meli za makontena zilikuwa zimekwisha hamia Tilbury, chini zaidi ya mto, maghala ya London yalikuwa matupu, na waliobeba mizigo kwa vizazi hawakuwa na kazi. Mwaka 1981 serikali ikaunda shirika la kuendeleza eneo hilohilo, na kufikia 1991 mnara mrefu wa Canary Wharf ulikuwa umesimama. Kwa hiyo Harold hakuwa akiota. Aliona sawasawa kitakachotokea pale, akakosea jambo moja: ni nani atakayeruhusiwa kukifanya.

Sasa mtazameni Victoria, mwanamke wake, anayechezwa na Helen Mirren. Yeye anazungumza kama binti wa shule za kulipia, na Harold anamhitaji kwa ajili ya hilo. Mambo yanapoharibika, dereva ameuawa kwa bomu, baa imelipuliwa, Wamarekani wanaanza kutazama saa, ni Victoria anayekwenda kuwatuliza wageni. Harold amebaki na mtindo anaoujua: kuwaning'iniza wapinzani wake vichwa chini machinjioni, kwenye kulabu za nyama, na kuwahoji. Watu hulikumbuka tukio hilo kwa ukatili wake. Mimi nawaomba mlisikilize. Anawafokea kama msimamizi wa zamu aliyekuta kazi imelala. Mtaa umerudi wote mdomoni.

Kisha mwisho. Nitausimulia, na anayelalamika kwamba namharibia utamu, filamu hii ina zaidi ya miaka 40. Harold anadhani amemaliza kila kitu. Anakwenda hoteli ya Savoy, anakuta Wamarekani wanafunga mizigo. Anawatukana, tusi refu, tamu, la mtu aliyeshiba jiji lake. Anatoka nje, anaingia garini. Gari si lake tena. Victoria anachukuliwa katika gari jingine. Kwenye kiti cha mbele anageuka kijana mwenye bastola, Pierce Brosnan, ambaye wakati huo hakuwa bado na umaarufu, anacheza mpiganaji wa IRA, kundi la silaha la Ireland lililopigana na utawala wa Waingereza. Kamera inakaa usoni mwa Hoskins, na inakaa, na inakaa, taa za barabarani zikimpita. Hasira, mshangao, hesabu, karibu kicheko. Hasemi hata neno. Mtu aliyeongea filamu nzima ananyang'anywa ulimi, na sisi tunaachiwa uso. Nionyesheni mfyatuano wa risasi wowote unaofika hapo.

Na kuna kisa cha nyuma ya pazia ambacho kwangu kinamaliza ubishi. Wenye filamu walitaka kuiuza kwa televisheni ya Marekani, wakahofu kwamba Wamarekani hawatamwelewa Hoskins. Wakaamua kuondoa sauti yake na kuweka ya mwigizaji mwingine. Hoskins akaenda mahakamani kuwazuia. Mwigizaji kwenda mahakamani kwa ajili ya lafudhi! Alielewa kwamba ukimwondolea Harold sauti ile, unabaki na bwana mnene mwenye hasira. Baadaye kampuni ya George Harrison, yule wa Beatles, iliinunua filamu na ikatoka kama ilivyopigwa.

Naona mkono kule nyuma, na nalijua swali: "Sisi lafudhi za London zinatuhusu nini? Hata hatuzitofautishi." Ndugu yangu, nenda soko la Darajani, msikilize muuzaji akisema maneno mawili. Papo hapo unajua huyu wa Makunduchi, huyu Mpemba, huyu kashuka kutoka bara, na bei unayotajiwa wewe inategemea umeitikiaje salamu. Sikio hilo unalo. Huhitaji kuzijua lafudhi za London moja moja. Inatosha kuwatazama wenzake Harold wanavyobadilika uso anapoanza kusema.

Sasa mwigizaji mwingine wa London, Michael Caine. Baba yake alikuwa mbebaji katika soko la samaki la Billingsgate, mama yake akifanya usafi na upishi. Mwaka 1964 alicheza katika Zulu, akapewa nafasi ya afisa wa jeshi, mtoto wa ukoo bora. Mwongozaji alikuwa Cy Endfield, Mmarekani. Caine amesema mara nyingi kwamba mwongozaji Mwingereza asingempa nafasi ile kamwe, maana angesikia soko la samaki kabla ya kuona uso. Mmarekani hakusikia kitu, aliona kijana mrefu mwenye nywele za dhahabu.

Ndipo inakuja Get Carter ya Mike Hodges, 1971. Jack Carter, jambazi anayechezwa na Caine, anapanda treni kutoka London kwenda Newcastle, mji wa kaskazini alikozaliwa, kumzika kaka yake na kujua nani kamuua. Wakosoaji wanasema: mbona mzaliwa wa Newcastle anaongea kama mtu wa London? Kosa la Caine, hakujifunza. Sikubaliani hata kidogo. Tazameni anavyoingia baa, wazee wote wanageuka, anaagiza bia na kusisitiza iwe kwenye glasi nyembamba. Glasi nyembamba, mjini kwao! Huyo ni mtu aliyeondoka akajifuta. Lafudhi yake ndiyo hati ya kuhama. Amerudi nyumbani na nyumbani hakumtambui, na anaua watu mmoja baada ya mwingine katika mji ambao hana tena haki ya kuulilia. Kama Caine angejifunza lafudhi ya kule, filamu ingekuwa ya kisasi tu, na visasi vimejaa kila rafu.

Muda unanikimbia, kwa hiyo mengine kwa haraka. Bunduki: polisi wa doria wa Uingereza kwa kawaida hawabebi, na baada ya mauaji ya shuleni Dunblane mwaka 1996 bastola zilikaribia kupigwa marufuku kabisa. Mwandishi wa filamu kule hawezi kumpa kila mhusika bastola tukamwamini. Inabidi ampe maneno. Hata katika Lock, Stock and Two Smoking Barrels, 1998, bunduki zinazogombaniwa ni za kale, zimeibwa nyumbani kwa lodi aliyefilisika, na raha yote iko kwenye majibizano.

Sexy Beast, 2000, ya Jonathan Glazer. Majambazi wa London walikimbilia Hispania, kwa kuwa kati ya 1978 na 1985 hapakuwa na mkataba wa kurudishana wahalifu. Gal, mmoja wao, amestaafu huko, jua, bwawa la kuogelea, mke anayempenda. Anatua Don Logan kumrudisha kazini. Hana silaha. Ana mdomo. Anauliza, anakataliwa, anauliza tena, na nyumba nzima inatetemeka kwa mtu asiyetaka kusikia "hapana". Anayemcheza ni Ben Kingsley, yuleyule aliyemcheza Gandhi. Na kwa wenzangu wa visiwani: jina lake la kuzaliwa ni Krishna Bhanji, babu yake alikuwa mfanyabiashara wa viungo Zanzibar, na baba yake alikulia hapo.

Mapacha Kray, majambazi halisi wa London ya mashariki, nitawaacha, kwa makusudi. Ronnie alimpiga George Cornell risasi ya kichwa ndani ya baa ya Blind Beggar mwaka 1966, mbele ya watu, na leo wapo wanaokwenda pale kupiga picha. Filamu zilizowahusu zinazungumza zaidi kuhusu suti zao, na mimi suti hazinivuti. Cornell alikuwa mtu, si tukio la kupamba.

Wiki ijayo tunaanza na Get Carter. Nimeomba maandishi ya chini yazimwe kwa dakika 20 za kwanza. Msinung'unike. Hamtaelewa kila neno, lakini tukifika kwenye ile baa nitasimamisha filamu niwaulize: nani hapa ni mgeni, na mmejuaje? Haya, maswali. Yule wa nyuma aliyenyoosha mkono aanze.