Chakula Ulichoacha Kimekwenda Wapi?

(Mhadhara kwenye semina ya kujiandaa na Kwaresima, Dar es Salaam)

Bwana Yesu asifiwe! Mwenyekiti, wachungaji, wazee wa kanisa, akina mama, na ninyi vijana mlioacha mpira wa leo mkaja hapa, asanteni sana.

Jumatano ya Majivu imefika mlangoni. Sitawaeleza Kwaresima ni nini, kipaimara mlipita wote. Nimekuja na swali ambalo baadhi yenu mlishanisikia nikiliuliza Ubungo, Mbagala na Kigamboni, na nitazidi kuliuliza mpaka nijibiwe: ukifunga, kile chakula ambacho hukukila kimekwenda wapi?

Mji huu una matangazo ya mifungo kila kona. Siku tatu kavu, bila hata maji. Siku saba. Siku 21 za Danieli. Siku 40 za kuvunja laana. Ukiuliza mnafungia nini, utaambiwa kazi, mume, viza, kiwanja, biashara. Sikatazi mtu kumwomba Mungu kazi. Omba, tena omba kwa machozi. Ninachokataa ni kuifanya njaa kuwa malipo, kana kwamba tukishinda bila kula tumemkopesha Mungu na sasa tunamdai. Huyo Danieli tunayemtaja kila Januari, someni sura ya 10: majuma matatu hakula chakula kitamu, nyama wala divai, na alikuwa anaomboleza. Hakuwa anatafuta cheo, cheo alikuwa nacho. Moyo wake ulikuwa kwa watu wake.

Sasa twende Isaya 58, na hapa nitakaa, mnivumilie. Watu wanamlalamikia Mungu: tumefunga, mbona huoni? Bwana hawaambii kwamba saa zilikuwa chache, wala kwamba wangefunga kavu. Anawaambia kwamba siku ile ile wanayofunga wanafuata mambo yao na kuwalemea wanaowafanyia kazi. Mstari wa tatu. Tunaruka haraka kwenda kwenye ahadi za mstari wa nane, nuru kupambazuka na afya kutokea, huo wa tatu tunaupita kama hatuujui.

Niliwahi kwenda kuomba na familia moja huko Tabata, jina silitaji. Nyumba nzima ilikuwa kwenye mfungo wa kufunguliwa milango ya biashara. Mchana jiko halikuwashwa, na ni sawa, wamefunga. Lakini uani alikuwepo binti wa kazi, mtoto wa watu kutoka Singida, ameinamia beseni la mashuka tangu alfajiri. Vidole vimekunjamana kwa maji ya sabuni. Nikamwuliza, mwanangu, na wewe umefunga? Akatazama mlangoni kwanza, halafu akasema kwa sauti ndogo: “Shikamoo. Leo hawajapika.” Hakuna aliyemwuliza kama anafunga. Alikuwa amekula andazi moja la jana. Jioni ndiye aliyepika uji, akamenya matunda, akakaanga samaki wa watu kufungulia, na usiku akaosha vyombo wao wakienda mkesha. Mshahara wake ulikuwa umelala miezi miwili, kwa sababu biashara ni ngumu, na ndiyo maana wanafunga!

Wapendwa, mlango uliohitaji kufunguliwa kwanza ulikuwa mkoba wa mama mwenye nyumba. Nilimwambia hivyo, mbele ya mume wake. Hakufurahi. Lakini yule binti alilipwa jioni ile, na nikawaambia: sasa tuombe.

Najua kuna anayesema moyoni, huyu ametuletea mambo ya mishahara, kufunga ni jambo la rohoni. Ndugu yangu, ni nani aliyekwambia mshahara wa mtu hauko rohoni? Kwenye Mathayo 6 Yesu anaviweka pamoja: sadaka, sala, kufunga. Wewe umebaki na viwili, cha kwanza umekiacha njiani. Mwingine atasema, lakini Yesu mwenyewe alifunga siku 40 jangwani. Ndiyo, na jaribu la kwanza lilikuwa nini? Ageuze mawe yawe mkate, ale yeye. Alikataa. Huyo huyo aliyekataa kujipatia mkate akiwa na njaa ndiye aliyekuja kuwalisha watu elfu tano. Mimi nafundisha mfungo wa huyo.

Na Wakristo wa kwanza walielewa. Katika karne ya pili, Aristide wa Athene alimwandikia kaisari wa Roma kuwatetea Wakristo. Anasema, akiwepo maskini kati yao nao hawana cha ziada, hufunga siku mbili tatu ili yule mhitaji apate chakula. Yaani walikuwa wanafunga ili mtu ale! Karne hiyo hiyo, huko Roma, kitabu cha Mchungaji wa Herma kinaagiza: siku ya kufunga kula mkate na maji tu, piga hesabu ya chakula ambacho ungekula, umpe mjane, au yatima, au mwenye shida.

Tupige hesabu basi. Tuseme wali maharage kwa mama lishe ni shilingi 2,500. Ukiacha chakula cha mchana siku 40, hiyo ni shilingi 100,000. Iko wapi Pasaka ikifika? Imeingia kwenye kitenge cha Pasaka na soda. Jirani zetu Waislamu hutoa zaka ya fitri kabla ya swala ya Idi, ili maskini naye apate kula siku hiyo. Tunaishi nao ukuta kwa ukuta, tumekula futari yao miaka yote. Hatuoni?

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na mengi, nitayataja kwa kupita. Habari ya siku za kufunga: Didake, mafundisho ya kale kabisa ya Kanisa, inataja Jumatano na Ijumaa. Wakatoliki wanazo siku mbili za lazima, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, na mwenye miaka 60 hafungwi na sheria hiyo, kwa hiyo wazee msijitese. Habari ya kufunga kwa siri, Mathayo 6 tena: paka mafuta, nawa uso, usitangaze kwenye grupu la WhatsApp kwamba upo siku ya 17. Na mnaofungia viwanja, someni 1 Wafalme 21: malkia Yezebeli naye alitangaza mfungo, na shabaha yake ilikuwa shamba la Nabothi. Hilo lingehitaji jioni nzima.

La mwisho ni afya. Mwenye kisukari, mjamzito, anayenyonyesha, anayetumia ARV au dawa za kifua kikuu: kula, na umeze dawa zako. Acha kitu kingine, acha simu, acha soda. Mtu akikwambia utupe dawa ili mfungo wako ukubalike, mwulize ameyasoma wapi, kisha wewe nenda kliniki kwa tarehe yako kama kawaida. Karibuni maswali, tuanze na wale wa nyuma.