Yule Mama wa Masikio: Habari za Watumishi Katika Taasisi za Kanda za Elimu

Mwenyekiti wa kikao, wakuu wa vitengo, watumishi wenzangu, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie habari za watumishi: nani kaajiriwa, nani kahama, nani kapanda cheo, nani kastaafu, nani katutoka. Katika ofisi nyingi kazi hii hupewa yeyote aliyeonekana hana shughuli wiki hiyo, na huandikwa dakika za mwisho, jarida likiwa limebakiwa na nafasi ya kujaza. Nimeifanya kwa miaka mingi. Nimekuja kusema kwamba kwa taasisi kama zetu, zinazotoa msaada kwa shule za kanda nzima, habari za watumishi ni sehemu ya huduma yenyewe. Shule inamjua mtu. "Yule mama wa masikio." "Yule kijana wa kompyuta." Ndivyo tunavyotambulika huko nje, hata kama kwenye barua zetu tumeandika jina refu la taasisi lenye nembo juu yake. Mtu huyo akiondoka kimya kimya, kwa shule ile taasisi nzima imeondoka naye.

Kwanza tukumbushane taasisi hizi zilitoka wapi, maana hapo ndipo penye chanzo cha tatizo. Shule ndogo haiwezi kuajiri mtaalamu wa usikivu wa kudumu kwa ajili ya mtoto mmoja. Shule ya jirani nayo ina watoto wawili, ya tatu ina mmoja. Kila shule peke yake haina kazi ya kumtosha mtaalamu. Zikiungana, kazi inamtosha na kubaki. Huko Marekani, jimbo la New York lilitunga sheria ya namna hiyo mwaka 1948, zikaanza taasisi ambazo hadi leo zinaitwa BOCES, yaani bodi za ushirikiano wa huduma za elimu, na sasa ziko 37. Texas ina vituo 20 vya huduma za elimu. Pennsylvania ina taasisi za kati 29, zilizoanza kazi mwaka 1971. Iowa ilipitisha sheria yake mwaka 1974, mwaka mmoja kabla Marekani haijapata sheria ya taifa ya kumhakikishia kila mtoto mwenye ulemavu nafasi ya kusoma bila malipo. Kwingineko sura ni tofauti lakini wazo ni lile lile: Kenya ilikuwa na walimu wa vituo vya ushauri, wale wa TAC, ambao sasa wanaitwa maofisa wa kusaidia mtaala, Uganda ina wakufunzi waratibu wanaozunguka shule kwa shule.

Sasa mtazameni mtumishi wa namna hii. Jumatatu yuko shule moja asubuhi na nyingine mchana. Jumanne kwingine. Ana ufunguo wa vyumba vinne na hana chumba hata kimoja. Akiingia ofisi ya walimu anauliza kwanza kiti kipi hakina mwenyewe. Matangazo ya ubao wa shule hayamhusu, na matangazo ya ubao wa makao makuu hayaoni, kwa sababu makao makuu anafika mara moja kwa mwezi. Siku shule inapomuaga mwalimu wake anayestaafu, watoto wanaimba, wazazi wanakuja. Huyu wetu ametumikia shule sita, na hakuna hata moja inayomhesabu kuwa ni wake wa kumuaga. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nimeliona likitokea kwa watu waliostahili makubwa.

Naomba niwasimulie habari moja niliyoiandika mimi mwenyewe.

Katika taasisi niliyofanya kazi zamani alistaafu mtaalamu wa usikivu, katikati ya mwaka wa masomo. Nilimwandikia habari ndefu. Nilisema amelitumikia eneo letu kwa moyo, kwamba ni mcheshi, kwamba anapenda bustani, na kwamba sote tutamkumbuka. Nikaweka picha yake akiwa ameshika maua. Watu waliipenda, wakanipigia simu kunipongeza.

Katika shule mojawapo alizokuwa akihudumia kulikuwa na mtoto wa darasa la tatu aliyekuwa akivaa shimesikio mbili, vile vifaa vya kukuza sauti vinavyovaliwa masikioni. Mwalimu wake alikuwa akivaa kipaza sauti kidogo, chenye ukubwa wa kiberiti, kimebanwa kwenye ukosi. Sauti ya mwalimu inatoka kwenye kipaza sauti kile kwa mawimbi ya redio na kufika moja kwa moja kwenye sikio la mtoto, ikiruka kelele zote za darasani, madawati yanayoburutwa, kikohozi, mlango. Bila kifaa kile, shimesikio inakuza kila kitu pamoja, na mtoto anasikia dawati kwa nguvu ile ile anayomsikia mwalimu. Siku moja kifaa cha mwalimu kikagoma kuchaji. Mwalimu akapiga namba aliyokuwa nayo, ya yule mama. Simu ililia mezani kwenye ofisi iliyokwisha kufungwa. Akapiga tena wiki iliyofuata. Akadhani mama yuko likizo. Akamsogeza mtoto dawati la mbele, akaongeza sauti, akaendelea kusubiri.

Zilipita wiki saba. Mtu alikuwepo wa kumsaidia, kwa sababu kazi ile ilikuwa imegawanywa kwa wataalamu wawili wengine. Na kifaa cha akiba kilikuwepo, kimekaa kwenye kabati. Mwalimu alikuwa amesoma habari yangu? Ndiyo, alikuja kunieleza baadaye, aliisoma. Alijua kwamba mama anapenda bustani. Lakini niliandika kwamba "anatuaga", sikuandika siku yake ya mwisho, na sikuandika nani anashika shule zake. Mwalimu alidhani kuaga kule ni kwa mwisho wa mwaka.

Tangu siku ile naandika kwa kuanzia upande wa pili. Namfikiria mwalimu aliye darasani na mtoto mbele yake, najiuliza: akimaliza kusoma mistari hii, atajua ampigie nani kesho? Kama hatajua, habari haijaandikwa. Sifa zinafuata, na zinastahili kufuata, nami huziandika kwa furaha. Ila nataka sifa zenye kitu ndani yake. "Alitumikia kwa moyo" ni maneno yanayomfaa kila mtu, kwa hiyo hayamfai mtu yeyote. Kama mama yule alikuwa akibeba betri za akiba kwenye mkoba wake siku zote, hata siku za mapumziko, andikeni hilo. Waliofanya naye kazi watatabasamu, na anayechukua nafasi yake atajifunza kubeba betri.

Kuna jambo ambalo wakuu wa vitengo hulisahau mtu anapoondoka: kalenda ya kazi haistaafu naye. Kwa Marekani, mpango binafsi wa elimu wa mtoto mwenye ulemavu lazima upitiwe walau mara moja kwa mwaka, na mtoto hupimwa upya walau kila baada ya miaka mitatu, isipokuwa mzazi na shule wamekubaliana kwamba haihitajiki. Tarehe hizo ni za kisheria. Mwanasaikolojia wa shule akihama mwezi Machi, watoto ambao tarehe zao zinaangukia Aprili na Mei bado wapo. Habari ya uhamisho wake na hati ya makabidhiano ni ndugu wa tumbo moja. Mimi sasa siandiki habari ya mtu anayeondoka kabla sijaonyeshwa makabidhiano. Mwanzoni watu walininung'unikia kwamba najipa madaraka yasiyo yangu. Nikawaambia sihitaji kuona majina ya watoto wala siri za faili. Nataka kujua tu kama karatasi ipo na imesainiwa na wawili.

Habari za wanaoingia ni rahisi zaidi, ingawa nazo tunaziharibu kwa kuorodhesha shahada. Shahada ziwekwe, mstari mmoja unatosha. Mwalimu anataka kujua mtumishi mpya aombwe nini. "Anaweza kuja kukaa darasani kwako saa nzima na kukuonyesha namna ya kumsaidia mtoto mwenye kigugumizi bila kumkatisha." Mwalimu akisoma hivyo, simu inapigwa siku hiyo hiyo.

Kupanda vyeo nisizungumzie sana. Pongezi, cheo kipya, nani anakaimu alikotoka. Basi.

Iliyo ngumu ni habari ambayo hatupendi kuitoa kabisa: kwamba mtu ameondoka na hatujapata wa kumrithi. Viongozi huona aibu. Huniambia, tusubiri tupate mtu kwanza, ndipo tutangaze yote kwa pamoja. Nawaelewa, lakini shule haisubiri. Shule inapiga simu. Afadhali mara mia kusema, "Nafasi hii iko wazi tangu Jumatatu; maombi ya dharura yaende kwa mkuu wa kitengo; mengine yatachelewa," kuliko kunyamaza. Mkuu wa shule akiambiwa ukweli hujipanga: ataazima mtaalamu, atazungumza na wazazi, atasogeza tarehe inayosogezeka. Asiyeambiwa hawezi kujipanga, na lawama atakazotupa siku atakapojua zitakuwa za haki.

Na kama mabadiliko yanatoka juu, ukimya unaumiza maradufu. Machi 2024 Iowa ilitunga sheria iliyobadilisha namna taasisi zake tisa za kanda zinavyopata fedha, sehemu ya fedha ikielekezwa kwa wilaya za shule zenyewe, na usimamizi wake ukahamishiwa zaidi kwenye idara ya elimu ya jimbo. Watumishi wengi waliondoka mwaka ule, wengine kwa kustaafu mapema, wengine kwa kutafuta pa kutulia. Katika jimbo la West Virginia, sheria ya mwaka 2017 ilifungua njia ya kuzifunga kabisa taasisi za aina hii. Sijaja kuwahukumu waliotunga sheria hizo. Ninachojua ni hali ya mtumishi anayeendesha gari kutoka shule hii kwenda ile huku hajui kama mwakani ana kazi, na kila mlango anaoingia anaulizwa, "Kwani ninyi bado mpo?" Mtu huyu anahitaji kusikia kutoka kwa mwajiri wake kabla hajasikia getini. Hata kama habari ni "bado hatujui, tutakutana tena tarehe kumi na tano," hiyo ni habari, na ahadi ya tarehe kumi na tano ikitimizwa, uvumi unapungua nguvu.

Ugonjwa hautangazwi. Hili nalisema bila kulizungusha. Mtu akiugua, tunasema yuko likizo na fulani anashika kazi zake, kwisha. Akitaka mwenyewe kusema zaidi, aseme kwa maneno yake na kwa idhini ya maandishi. Nimewahi kuona ofisi ikisambaza jina la ugonjwa wa mtu kwa nia njema kabisa, ili achangiwe, na mtu yule aliporudi kazini hakuweza tena kuwatazama wenzake machoni. Msiba ni tofauti, lakini nao tunaanza na familia: wamekubali? Jina limeandikwa wanavyoliandika wao?

Nina jambo moja jingine, nalo liko karibu sana na moyo wangu. Katika majarida yetu kuna watu hawaonekani. Ukisoma toleo baada ya toleo utafikiri taasisi ina wakurugenzi na wataalamu peke yao. Kuna wanaochapa vitabu vya nukta nundu. Ukurasa mmoja wa chapa ya kawaida unaweza kuzaa kurasa mbili au tatu za nukta nundu, kwenye karatasi nene, kwa hiyo kitabu kimoja cha hisabati cha mtoto asiyeona kinakuwa majuzuu mengi, rafu nzima. Mtu fulani amekaa akasoma kila nukta kwa ncha za vidole kabla kitabu hakijatoka, kwa sababu nukta moja ikikosewa tarakimu inakuwa nyingine. Halafu dereva anayapakia majuzuu yale kwa mpangilio. Dereva niliyefanya naye kazi alikuwa akipanga masanduku ya shule ya mwisho ndani kabisa na ya kwanza mlangoni, na alijua shule ipi hufunga geti la nyuma saa nane, na ipi mlinzi wake hasikii honi mpaka ushuke ugonge. Alipostaafu hatukuandika kitu. Kwa karibu muhula mzima vitabu vilikuwa vikirudi ghalani kwa sababu dereva mpya alikuta mageti yamefungwa. Ujuzi wote ule uliondoka kichwani mwa mtu mmoja, na ungeenea kwenye nusu ukurasa.

Nimalizie kwa kuwasomea habari ya yule mama wa masikio, kama ningeiandika leo. Nimeiandika upya jana usiku.

"Mtaalamu wetu wa usikivu anastaafu. Siku yake ya mwisho kazini ni Ijumaa ya wiki ijayo. Shule tatu za kaskazini zitahudumiwa na mwenzake anayeshika kaskazini; shule tatu za kusini, na anayeshika kusini; namba zao ziko chini ya habari hii, na wote wawili wameshazitembelea shule hizo pamoja naye. Vifaa vya akiba viko kabati la pili la chumba cha vipimo, na ufunguo umekabidhiwa. Kwa miaka yote hii hakuwahi kutoka bila betri kwenye mkoba wake, na aliwafundisha watoto wadogo kubadilisha betri zao wenyewe, akiwapa nafasi ya kujaribu mara nyingi walivyotaka. Wanaopenda kumuaga watamkuta ofisini Ijumaa hiyo kuanzia saa tisa. Mwalimu ambaye hatakuwa amepigiwa simu na mtaalamu wake mpya kufikia Jumatano, tafadhali atupigie sisi."

Nawasikiliza. Karibuni kwa maswali.