Acheni Hatua Tano

Ndugu wenyeviti wa mitaa, watendaji, wajumbe, na ninyi vijana mnaosomea mipangomiji mliojibanza nyuma huko, sogeeni mbele, viti vipo. Asalaam alaykum, Bwana Yesu asifiwe, na wote habari za asubuhi.

Nimeombwa nitoe utangulizi wa mipangomiji na matatizo ya miji inayokua, kama huu wetu wa Dar es Salaam. Baadhi yenu mmeshanisikia Chanika, mmenisikia Goba, mmenisikia Mbagala, na leo mtasikia lile lile, kwa kuwa bado halijafanyika.

Kupanga mji ni kuamua mapema mahali ambapo hajengi mtu. Nyumba watu watajenga tu, wala huhitaji kumfundisha Mswahili kujenga. Atanunua tofali mia, atanyamaza miezi mitatu, atanunua mia nyingine, na baada ya miaka minane ana nyumba. Kazi yetu sisi ni ile nafasi inayobaki katikati ya nyumba hizo: apite mgonjwa, yapite maji, apite mtoto akienda shule, ipite maiti.

Nianze na maiti.

Shangazi yangu alifariki alfajiri moja ya masika, katika mtaa ambao sitautaja maana humu wapo wanaoujua. Nyumba yake ilikuwa ya sita kutoka barabarani. Akaoshwa, akakafiniwa, jeneza likaletwa kutoka msikitini. Kuingia liliingia, kwa sababu lilikuwa tupu. Vijana waliligeuza ubavu wakalipenyeza kwenye uchochoro mpaka mlangoni. Sasa kutoka, naye yumo ndani, utaligeuza ubavu?

Tulisimama pale na mvua inanyesha. Wazee wanatazamana. Mmoja akasema uvunjwe ukuta wa choo cha jirani, mwingine akasema tumbebe mikononi mpaka barabarani ndipo tumweke kwenye jeneza. Kaka yangu alikaa chini kwenye tope, mtu mzima, akainamisha kichwa. Ndipo jirani wa mbele, mama mmoja muuza maandazi, akatoka akasema, "Mpitisheni kwangu." Akaliondoa jiko lenye moto, akasogeza ndoo za maji, akagonga milango ya wapangaji watoe viatu vyao ukumbini. Tukampitisha shangazi uani kwa yule mama, tukaingia ukumbini, tukatokea kibarazani. Mnajua kwetu jeneza hupokezana, kila mtu apate bega lake na thawabu yake. Mle ukumbini hakupokezana mtu. Waliingia wanne, wakatoka wale wale wanne, na sisi tuliobaki tulizunguka nje mmoja mmoja kama siafu, tukiwakimbilia.

Nimefanya kazi ya mipangomiji zaidi ya miaka thelathini. Siku ile niliona haya ambayo haijanitoka mpaka leo.

Baada ya hitma nikarudi na futi ya fundi. Pale padogo kabisa, kati ya ukuta wa choo na kona ya nyumba, nilipata sentimita 74. Nikamuuliza mzee mmoja aliyehamia pale mwaka 1981: palikuwaje? Akaniambia lori lilimshushia mawe ya msingi mlangoni kwake. Lori! Mahali pale pale ambapo jeneza limekwama.

Barabara ilikwenda wapi? Mmoja aliongeza kibaraza. Mwingine choo kilijaa akachimba kingine upande wa njia. Wa tatu alijenga banda la kuku, baadaye likawekewa mlango na dirisha, likawa chumba cha mpangaji. Hakuna aliyeiba barabara. Kila mmoja alichukua hatua moja, na kila hatua ilikuwa na shida ya kweli nyuma yake. Hapo ndipo ugumu ulipo, jamani. Angekuwepo mwizi tungemkamata.

Sasa hesabu. Sensa ya mwaka 1967 iliukuta mji huu na watu 272,000 hivi. Sensa ya 2012 ilihesabu mkoani watu 4,364,541, na ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Toeni hapo. Ni nyongeza ya watu milioni moja na ushee katika miaka kumi, yaani karibu watu 280 kila siku inayokucha. Wakikaa wanne wanne, ni familia 70 zinazohitaji mahali pa kulala usiku wa leo, na kesho nyingine 70, Jumapili na sikukuu nazo zimo. Wanakwenda wapi? Wanakuja kwenu. Kivule, Msongola, Chamazi, na sasa wamevuka mkoa wako Vikindu na Mapinga. Ndiyo maana nimeomba wenyeviti ndio wakae mbele.

Nisikilizeni vizuri hapa. Shamba huko pembezoni huuzwa kwa ekari, na ekari yetu ya mtaani ni hatua 70 kwa 70. Kiwanja cha kawaida ni hatua 20 kwa 20. Piga hesabu upande mmoja: ishirini, ishirini, ishirini, ni sitini. Zinabaki kumi. Barabara imo ndani ya shamba tangu mwanzo, hakuna aliyemnyang'anya mwenye shamba kiwanja hata kimoja! Zigawe zile kumi mara mbili. Safu ya kwanza ya viwanja, kisha hatua tano za njia, kisha safu ya pili, ya tatu, kisha hatua tano za mwisho ukingoni. Safu mbili za mwanzo zinatazamana na njia ya kati, ya tatu inatazama ukingoni. Jirani wa shamba la pili naye akiacha tano zake upande huo, mna barabara ya hatua kumi, kama mita tisa. Gari la zimamoto kwa upana halizidi mita mbili na nusu na ushee. Lori la mchanga litaingia. Yote mawili yatapishana.

Dalali anafanya nini? Anaviuza viwanja tisa, vitatu kila safu, halafu anazitazama zile hatua kumi zilizobaki anaona ni mali inaozea. Anakata vipande vya kumi kwa ishirini, anapata wateja watatu wengine. Watatu tu. Kwa ajili ya wale watatu, wale tisa hawatafikiwa na gari la wagonjwa maisha yao yote, wala watoto wao. Na karatasi ya mauziano inaletwa kwako, mwenyekiti, uweke saini na muhuri. Inaandikwa "kaskazini anapakana na fulani, kusini anapakana na fulani, mashariki fulani, magharibi fulani." Pande zote nne majina ya watu! Huyu mtu atatoka kwake kwa mlango gani? Usigonge muhuri. Karatasi isiyotaja njia hata upande mmoja, mrudishie dalali.

Najua mnachosema moyoni. "Mzee, hiyo kazi ya serikali." Ni ya serikali, na serikali imejaribu. Mpango kabambe wa mji huu, yaani ramani kuu ya kuongoza mji ukue vipi, ulichorwa 1949, ukachorwa 1968, ukachorwa tena 1979. Baada ya huo wa 1979 tulikaa zaidi ya miaka thelathini bila mwingine kukamilika, na familia zilikuwa zinakuja kila siku. Mwaka 2002 ukaanza mradi wa viwanja 20,000, mradi mzuri, Bunju na Tuangoma wanaujua. Lakini viwanja elfu ishirini kwa familia 70 kwa siku ni vya miezi tisa na nusu. Wataalamu wa kupima hawatoshi na hawatatosha leo wala kesho. Wewe mwenyekiti upo pale siku shamba linapokatwa. Mimi nitafika miaka kumi baadaye na ramani, nikute majamvi ya zege yameshamwagwa.

"Tutarasimisha," yaani tupime na kutoa hati watu wakiwa wameshajenga. Sawa, rasimisheni, mimi mwenyewe nimekaa kwenye vikao hivyo. Mnajua kinachofanyika? Mnamwomba mama akate kibaraza nusu mita, mnamwomba mzee asogeze choo, mmoja anakubali, wa pili anakwenda mahakamani, na njia inayopatikana ni ya bodaboda. Hati utapewa, na ni jambo jema. Lakini hati haizimi moto.

Na yuko anayesema, watu ni masikini, usiwaletee mambo ya Masaki, kwa matajiri. Ndugu yangu, nani analipa zaidi kwa kukosa njia kama huyo masikini? Maji anauziwa kwa dumu la mkokoteni. Mchanga unamwagwa barabarani, halafu analipa vijana waubebe kwa ndoo, kwa hiyo tofali lake ni ghali kuliko la Masaki. Choo kikijaa, gari la kunyonya linasimama mbali, mpira haufiki. Basi anasubiri mvua kubwa, usiku, anatoboa shimo na kuyaachia yaende na maji. Yanakwenda kwa jirani wa chini, ambako mtoto anacheza asubuhi. Kipindupindu kikija tunawalaumu wauza matunda.

Wa mwisho, halafu nisonge mbele: "Dunia ya leo ni ghorofa, tutabomoa na kujenga juu." Vizuri sana. Kariakoo imejenga juu. Lakini Kariakoo imeweza kwa nini? Mitaa yake ilipigwa kamba na Wajerumani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Jina lenyewe lilikuja vitani, la kambi ya wapagazi wa Waingereza. Zile nyumba za Kiswahili za vyumba sita karibu zote zimekufa, mahali pake pana majengo ya sakafu kumi na zaidi, na bado ni viwanja vile vile na mitaa ile ile. Nyumba imebadilishwa mara mbili tatu, barabara haijahama. Nendeni Sinza na Kijitonyama. Miaka ya 1970 serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilipima viwanja, ikapitisha barabara na maji, ikawaambia watu jengeni mnavyoweza. Wengine walianza na chumba kimoja. Leo yapo maghorofa, kwa sababu kreni ina pa kupita. Sasa nipelekeeni kreni kwenye sentimita 74.

Hata Mnazi Mmoja. Uwazi ule wakoloni waliuacha kwa nia ovu, Mwafrika wa Kariakoo atengwe na Uhindini na Uzunguni. Ubaguzi tuliuzika, uwazi ukabaki, na leo tunasali Idi pale. Ardhi iliyoachwa haikumbuki aliyeiacha alikuwa na nia gani.

Naona mwenyekiti wa kikao ananionyesha saa. Nilikuwa na mambo mengine matatu, nitayapitia mbio.

Maji. Bonde la Msimbazi linashuka kutoka vilima vya Pugu na Kisarawe. Mafuriko ya Desemba 2011 mnayakumbuka, watu walihamishiwa Mabwepande. Kila mfereji mnaouziba huku juu unamfikia mtu wa Jangwani, kule chini bondeni. Njia ya maji nayo muiachie hatua zake, hata kama kiangazi ni kavu. Hasa kama ni kavu, maana hapo ndipo dalali huiita kiwanja.

Usafiri. Mabasi ya mwendokasi yalianza Mei 2016, tukashangilia, na ni haki. Lakini mama anashuka Kimara, halafu anatafuta bodaboda kupanda mlima kwa kuwa basi dogo haliwezi kuingia kwao. Ni hatua tano zile zile.

Shule na makaburi sitayasema leo, wenye maswali tutakutana kwenye chai.

Nimekuja na kamba. Ziko kwenye kapu pale mlangoni. Ni kamba za manila, kila moja nimeikata mita nne na nusu na kufunga fundo jekundu ncha zote mbili, ndizo hatua tano za mtu mzima. Shamba likikatwa mtaani kwako, uwepo, uitandaze chini kabla dalali hajachomeka kijiti cha kwanza. Zipo arobaini. Wa Msongola na Chamazi mchukue mbili mbili, najua mashamba yenu yanakatwa wiki hii.