Kipupwe cha Kufuma, Krismasi ya Kupeana

MPWA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo ni Jumamosi ya katikati ya Julai, Nairobi imefunikwa na lile wingu la kijivu lisilonyesha wala kuondoka, nami niko sebuleni kwa shangazi yangu, mwenzangu katika kipindi hiki. Shikamoo, shangazi.

SHANGAZI: Marahaba, mwanangu. Sogeza kiti karibu na dirisha, maana kazi ya leo inataka mwanga.

MPWA: Wako watakaoshangaa kwamba tunazungumzia zawadi za Krismasi mwezi wa Julai.

SHANGAZI: Na washangae. Desturi ya kupeana soksi, skafu na kofia za sufu ilitoka kaskazini, ambako Krismasi huangukia majira ya baridi. Pale London, mwishoni mwa Desemba, mchana wote haufiki muda wa saa nane. Mtu hujifungia ndani akafuma, na alichokifuma huvaliwa papo hapo. Sisi tuko jirani na ikweta, mchana wetu ni wa saa kumi na mbili hivi mwaka mzima, na Desemba ni mwezi wa jua na safari. Baridi yetu ni hii ya kipupwe, kuanzia Juni hadi Agosti. Ninayemwonea huruma ni yule anayeshika sindano Desemba 10, wakati nauli zimepanda na kila mtu anafunga mizigo aende mashambani. Hamalizi huyo.

MPWA: Lakini skafu ya sufu itamfaa nani Desemba?

SHANGAZI: Mtu wa Limuru au Nyahururu ataivaa, kwani usiku wa huko hauna huruma. Wa Kisumu au Mombasa usimtese. Watu hufuma kile mikono yao inachokijua, wala hawajiulizi kitatumikaje katika nyumba ya anayepewa. Haya, nionyeshe ulichonunua.

MPWA: Ni sweta ya mtumba kutoka Gikomba. Uliniambia nisinunue uzi mpya.

SHANGAZI: Uliutazama mshono wa ubavuni kabla ya kulipa?

MPWA: Nilitazama rangi.

SHANGAZI: (Anacheka.) Igeuze, nione upande wa ndani. Ukikuta kingo zimekatwa na kupigwa ovaloki, irudishe kwenye rundo, kwa sababu kila mstari wa uzi umeshakatwa pale ubavuni, nawe utafumua vipande vifupi visivyozidi upana wa kifua. Tunachotafuta ni sweta kama hii, ambayo kila kipande kilifumwa na kingo zake, kisha vikaunganishwa kwa mshono wa mnyororo. Ukiipata ncha yake na kuivuta, ubavu mzima unaachia. Umebahatika. Tena haijafuliwa kwa maji moto hadi sufu ikashikamana, maana ikishashikamana haifumuki tena.

MPWA: Nitajuaje kwamba ni sufu kweli?

SHANGAZI: Kata kiuzi kidogo, ukichome juu ya sahani. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha jivu linalosagika kwa kidole, ilhali akriliki huyeyuka ikaganda kama ushanga. Nipe kiberiti.

(Sauti ya kiberiti.)

MPWA: Hiyo harufu ni ya saluni kabisa.

SHANGAZI: Basi ni sufu. Sasa anza kufumua shingoni, alikomalizia mfumaji, kwani ukianzia chini uzi utakugomea. Utatoka umejikunjakunja kama tambi. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge shada mahali panne lisivurugike, uliloweke katika maji ya vuguvugu, kisha ulitundike na chupa ya maji ikining'inia kwa chini ili uzi unyooke. Kwa baridi hii, usitarajie likauke kabla ya siku tatu.

MPWA: Na asiyejua kufuma sweta atengeneze nini? Mimi naweza kroshia peke yake.

SHANGAZI: Kroshia inatosha sana. Nani nchini hapa hajaketi kwenye kochi lenye vitambaa vyeupe mgongoni? Vijana wanavicheka, halafu wakihamia nyumba zao wanakuja kuviomba. Kitambaa kidogo cha kuwekea birika unakimaliza kwa jioni mbili, ukitumia uzi wa pamba. Kikazie kwa wanga, ukitandaze juu ya taulo, na ukishikize kwa pini kila ncha hadi kikauke. Wapo wanaokazia kwa maji ya sukari, nacho husimama vizuri, ila kwangu walikuja sisimizi.

MPWA: Nami nina kisa cha leso. Krismasi iliyopita nilinunua doti moja Biashara Street, nikaikata, nikaipinda kingo kwa mkono kwa subira kubwa, nikampelekea mama mkwe. Niliyapenda maua ya kwenye mji, pale katikati ya leso, na rangi ya pindo, lakini jina, yale maneno yaliyoandikwa, sikulisoma.

SHANGAZI: Lilisemaje?

MPWA: "Usisafirie nyota ya mwenzio."

SHANGAZI: Ole wako! Leso husomwa kabla ya kutazamwa. Alifanya nini?

MPWA: Aliikunja, akasema asante, akauliza kama nina neno naye. Mwaka huu nimemtafutia yenye "Wema hauozi", nayo nimeisoma mara tatu.

SHANGAZI: Hiyo ataivaa. Sasa, kabla hatujasahau, anayetaka kiondo cha katani aagize mapema. Nimewaona akina mama wa Ukambani wakisuka huku wakitembea njiani, na bado kiondo kimoja chenye msuko wa karibu huchukua majuma. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, nilikitoa kile cha marehemu mama yangu juu ya kabati, nikaenda nacho sokoni. Hadi leo kinabeba viazi, na mshipi wake wa ngozi ndio pekee nilioubadilisha. Mwezi wa Desemba huwezi kumwomba msukaji akuharakishie kitu cha namna hiyo.

MPWA: Hii sweta yangu, kwa makadirio yako, itatoa nini?

SHANGAZI: Ni ya mwanamume mnene, kwa hiyo usiogope. Itatoa skafu ya babu yako wa Limuru, kofia mbili za watoto, na masazo ya kufunika chupa ya maji moto. Mikono yake ina viraka, hiyo tutaiacha. Nyoosha mikono yako mbele, vidole gumba juu.

MPWA: Hivi?

SHANGAZI: Itanue zaidi. Leo mgongo wa kiti ni wewe.

MPWA: Wasikilizaji, mikono yangu imefungwa, siwezi hata kuzima kinasa sauti.

SHANGAZI: Usitikisike, uzi unakatika. Nitakizima mwenyewe tukimaliza mgongo wa sweta.