Stelingi Hakufa Magomeni

Walimu wangu, kaka zangu na dada zangu, habari za jioni. Nimepewa dakika kumi, na ninajua usiku huu kuna mpira. Wengi wenu mtakwenda kuutazama kibandani, basi nami naanzia hukohuko. Ila ninachokisema ni kibanda umiza cha filamu. Cha mpira bado kipo, hakihitaji kuliliwa.

Jumba la sinema sijawahi kuingia hadi leo. Mwalimu wangu akisimulia Empire na Avalon za Dar es Salaam, viti vya kukunja na tiketi ya kuchanwa mlangoni, mimi namsikiliza kama anayesimuliwa Makka na mtu aliyekwisha kuhiji. Sinema yangu ilikuwa Magomeni, hapahapa Mtwara. Kuta za makuti, bati juu, turubai jeusi mlangoni, mabenchi manne, na TV moja ya kichogo ndani ya kasha la mbao lenye kufuli. Ukichelewa unakaa mchangani, shingo juu kama kifaranga anayekunywa maji. Ukitoka, shingo inauma, mgongo unauma. Jina lile halikutungwa bure.

Kiingilio shilingi mia. Msimu wa korosho ukifika, Mjomba, mwenye kibanda, alipokea korosho: jaza kopo, ingia. Hakuwa mjomba wangu, mtaa mzima ulimwita hivyo, na huku kwetu kusini mnajua uzito wa mjomba. Bibi yangu akikagua gunia lake aliuliza ni panya gani huyu anayependa filamu za Kichina. (Kicheko.)

Wenzangu wa umri huu hudhani vibanda ni habari ya umaskini tu. Kumbukeni jambo moja. Zanzibar walikuwa na televisheni tangu miaka ya 70, lakini huku Bara vituo vilianza kurusha matangazo mwaka 1994. Kabla ya hapo, mtu wa Bara mwenye TV alikuwa nayo kwa ajili ya deki ya kanda za video. Na mwenye deki, jioni, alikuwa na majirani wengi kuliko alivyopenda. Mimi sishangai kwamba mmoja wao aliamua kuwatoza.

Halafu kulikuwa na kutafsiri. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye utamu. Kanda zilizotafsiriwa zilitoka Dar es Salaam, na sauti ya mtafsiri Lufufu ilijulikana kuliko ya stelingi, shujaa wa filamu mwenyewe. Lakini Mjomba wetu alitafsiri papo hapo, maiki mkononi, na Kichina hakujua hata neno moja. Stelingi alimwita Nandonde. Adui, filamu zote, alikuwa mnunuzi wa kangomba, yule anayenunua korosho za wakulima kwa magendo. Hong Kong ikawa Masasi, polisi wakawa wanatoka Newala na pancha njiani. Watu wakibusiana, Mjomba anasema, "Hapa wanasalimiana," kisha anasimama mbele ya kioo.

Lakini nisiwadanganye. Dada yangu hakuingia mle hata siku moja. Hapakuwa na aliyemkataza mlangoni, ila msichana akionekana pale, jina lake limeharibika kabla ya magharibi. Ninapoanza kukumbuka kibanda, yeye hunyamaza na kuendelea na shughuli zake. Kwa hiyo nikisema "tulitazama pamoja", hiyo "tu" ilikuwa ya wavulana, na baadhi yao saa hizo walitakiwa kuwa darasani.

Usiku mmoja, Nandonde amezingirwa darajani na watu kama ishirini, umeme ukakatika. Jenereta hakuna. Zikaanza kelele za kudai mia zetu. Mjomba akasema, "Tulieni." Gizani, bila maiki, akaimalizia filamu kwa mdomo. Akatuletea kaka yake Nandonde aliyepotea utotoni, akamtumbukiza mnunuzi wa kangomba mtoni, na mapanga akayagonga kwa vijiko viwili. Nilikuwa nimemshika mkono mtoto nisiyemjua. Tulitoka tunarushiana mateke hadi nyumbani.

Mwaka jana, bwenini, nikaikuta filamu ile kwenye simu. Niliitambua kwa lile daraja. Nikaisogeza mbele hadi pale umeme ulipokatika. Stelingi anakufa. Anachomwa mgongoni, mvua inanyesha, wale ishirini wanaondoka zao. Na kaka hayupo, hakuna kaka yeyote katika filamu ile.

Nikampigia Mjomba. Siku hizi anaendesha bodaboda, kibanda alikivunja zamani, watu walipoanza kubeba filamu mfukoni. Nikamwambia, "Shikamoo Mjomba. Kumbe Nandonde alikufa?"

"Marahaba. Nilijua," akasema. "Ile niliijaribu mchana nikaiona yote. Nilikuwa nawaza tangu saa kumi nitawaambiaje. Umeme ulipokatika, nikasema alhamdulillahi."